Nani Aliyefungua Njia ya Arawa

Agosti 1996, wanawake wapatao 700 walikusanyika Arawa, mji wa pwani ya mashariki ya kisiwa cha Bougainville uliojengwa kwa ajili ya watu wa mgodi wa shaba wa Panguna na kubomolewa na vita. Walikaa wiki nzima. Vita kati ya serikali ya Papua New Guinea na waasi wa kisiwa waliotaka kujitenga vilikuwa vimeingia mwaka wa nane. Majira hayohayo jeshi la serikali lilikuwa limefanya operesheni kubwa ya kuwamaliza waasi, likashindwa. Mwezi uliofuata askari 12 wa serikali waliuawa katika ufukwe wa Kangu, kusini mwa kisiwa, na Oktoba 12 akauawa Theodore Miriung, kiongozi wa serikali ya mpito ya Bougainville, mtu aliyekuwa akijaribu kusema na pande zote mbili. Katika miezi hiyo, ambamo bunduki zilikuwa zimeshika zamu ya kuzungumza, wanawake ndio waliothubutu kuketi kitako na kuulizana vita vitakwishaje.

Anayesoma historia fupi ya amani ya Bougainville atalikuta tukio hili, akilikuta, katika sentensi moja ya shukrani. Masimulizi yaliyozoeleka yanakwenda hivi: wapiganaji walichoka, wanasiasa wakapata busara, New Zealand ikawaita kambini Burnham Julai 1997, wakaelewana Lincoln Januari 1998, mapigano yakasimamishwa rasmi Aprili 30 mwaka huohuo, na Agosti 30, 2001, mkataba ukatiwa saini palepale Arawa. Ni hadithi ya mgeni njoo mwenyeji apone. Akina mama hutajwa pembeni: walisali, walipika, walilia, waliwabembeleza wana wao. Mabalozi husema hivyo kwenye hotuba, waandishi hurudia, na wasomi wengi wa usalama hawaoni haja ya kuuliza zaidi.

Masimulizi hayo yamekosea, na yamekosea katika mambo ya hakika. Yanakosea kuhusu aliyeanza, kuhusu kilichofanyika, na zaidi ya yote kuhusu sababu iliyofanya kifanikiwe.

Tuanze na ardhi, kwa kuwa vita vilianzia hapo. Sehemu kubwa ya Bougainville hufuata ukoo wa kikeni. Mtoto ni wa mama yake, na shamba, mto na mnazi ni vya ukoo wa mama. Australia, iliyotawala Papua New Guinea hadi 1975, ilipowapa wachimbaji wa shaba haki ya kuchimba Panguna, iliwauliza wasiohusika na kuwaruka wenye mali. Wenye mali walijibu. Agosti 1969, huko Rorovana, wapimaji walipokuja kupigilia vigingi kwenye ardhi iliyotakiwa kwa bandari ya mgodi, wanawake waling'oa vigingi. Polisi waliletwa na virungu na mabomu ya machozi. Picha za akina mama wakisukumana na polisi zilichapishwa katika magazeti ya Australia na kuwatia aibu watawala. Mgodi ukaanza kuzalisha 1972 hata hivyo, na kabla haujafungwa Mei 1989 ulikuwa umemwaga zaidi ya tani bilioni moja za taka kwenye mito inayoshuka kutoka Panguna. Hata katika chama kipya cha wenye ardhi kilichopambana na mgodi kabla ya bunduki kutoka, mwenyekiti alikuwa mwanamke, Perpetua Serero. Francis Ona, ambaye dunia inamkumbuka kama baba wa uasi, alikuwa katibu wake.

Kwa hiyo wanawake hawakuvamiwa na siasa wakiwa jikoni. Walikuwa ndani yake karibu miaka 20 kabla ya risasi ya kwanza.

Kisha vita vikaja, na vikaja kwa namna ambayo hadithi ya pande mbili haiwezi kuibeba. Mwaka 1990 serikali ilikizunguka kisiwa kwa vizuizi vya baharini. Dawa, sabuni, mafuta na chumvi havikuingia. Wanawake walijifungua porini bila mkunga wala nyembe safi, na watoto walikufa kwa magonjwa ambayo sindano moja ingeyaponya. Baadaye Wabougainville wenyewe waligawanyika: wengine wakabaki na Jeshi la Mapinduzi la waasi, wengine wakaunda kikosi cha kupambana nalo kwa msaada wa serikali, na maelfu wakasombwa kwenye makambi yaliyoitwa vituo vya matunzo. Idadi ya waliokufa hukadiriwa kufikia 20,000 katika kisiwa chenye watu wasiozidi 200,000. Mama mmoja aliweza kuwa na mwana msituni, mwana mwingine upande wa serikali, na binti kambini.

Hapo ndipo ilipo siri ambayo sifa za kawaida zinaifunika. Tunaambiwa akina mama waliweza kuleta amani kwa sababu mwanamke ana huruma ya asili. Ni maneno matamu, na yanafaa sana kwenye bango la maadhimisho, ila hayaelezi chochote. Huruma ilikuwapo tangu siku ya kwanza ya vita na haikumzuia mtu kufa. Kilichofanya kazi ni nafasi yao katika jamii. Mwanamke wa Bougainville alikuwa na ndugu kila upande wa mstari. Alikwenda shambani kwa sababu bila viazi vitamu hakuna anayekula, awe mwasi au askari, na kwa hiyo alipita mahali ambapo mwanamume angepigwa risasi. Alijua nani amemuua nani, bunduki iko kwa nani, na ni ukoo gani unasubiri kulipiza. Na alipomwambia kijana wa msituni kwamba ardhi anayoipigania ni ya ukoo wake yeye mama, kijana hakuwa na jibu.

Hiyo ni mamlaka, na ni ujuzi. Ingekuwa ni ofisa wa kijasusi aliyekusanya habari zile na kuzipitisha, ingeandikwa ripoti na kupigwa muhuri wa siri.

Walijipanga pia, na si kwa kilio. Mwaka 1992 Helen Hakena na wenzake walianzisha Leitana Nehan kisiwani Buka, upande uliokuwa chini ya jeshi la serikali. Sista Lorraine Garasu aliwaunganisha wanawake wa madhehebu mbalimbali katika jukwaa moja la makanisa, na jukwaa hilo ndilo lililowaita wale 700 Arawa. Upande wa pili wa mstari, ndani ya msitu uliozingirwa, Josephine Sirivi, mke wa kamanda wa waasi Sam Kauona, alikuwa mmoja wa waliounda shirika la Wanawake wa Bougainville kwa Amani na Uhuru. Ona jina hilo: amani na uhuru kwa pamoja. Hawa hawakuwa wakiomba vita viishe kwa sharti lolote. Walikuwa na msimamo wa kisiasa, na msimamo wa wanawake wa Buka ulitofautiana na wa wale wa msituni. Waliweza kukutana wakiwa wametofautiana, jambo lililokuwa limewashinda waume zao.

Wapinzani wa hoja hii wana jibu, na ni jibu la maana. Wanasema: kilichobadilisha mambo ni kashfa ya mamluki. Mapema 1997 Waziri Mkuu Julius Chan alikodi kampuni ya Sandline kwa dola milioni 36 za Marekani ili iwamalize waasi. Mwezi Machi jeshi lake mwenyewe, chini ya Jerry Singirok, likagoma na kuwafukuza mamluki, Chan akalazimika kukaa kando, na njia ya mazungumzo ikawa nyeupe. Ni kweli yote hayo. Lakini kashfa hiyo ilimwondoa mtu aliyeziba mlango. Nani alikuwa amesimama tayari upande wa pili wa mlango? Uchovu peke yake hauzai amani. Watu waliochoka wanaweza kuendelea kuuana kwa miaka kumi zaidi kwa sababu kila mmoja anaogopa kuwa wa kwanza kuweka silaha chini. Lazima awepo wa kumwambia mchovu wa upande huu kwamba yule wa upande ule naye amechoka, na awe mtu anayeaminika kotekote. Kazi hiyo ilikuwa imeshafanywa kwa miaka, mguu kwa mguu, kijiji kwa kijiji.

Ushahidi bora zaidi wamekuja nao wageni wenyewe. Kikosi cha kusimamia usitishaji mapigano, kilichoongozwa na New Zealand na kuingia kisiwani mwishoni mwa 1997, hakikuwa na bunduki hata moja. Wanajeshi walishuka na magitaa. Kikosi kilichokifuata, cha Australia, nacho hakikuwa na silaha. Watu husimulia jambo hili kama sifa ya ushujaa wa wageni, na ushujaa kweli walikuwa nao. Ila askari asiye na silaha katikati ya watu wenye silaha analindwa na nani? Alilindwa na vijiji alivyolala. Usalama wake ulikuwa ahadi iliyotolewa na wenyeji, na ahadi kama hiyo haitolewi mahali ambapo watu hawajaanza kupatana.

Mapatano yenyewe yana utaratibu wake, na inafaa kuusogelea. Kwa Tok Pisin, lugha ya mawasiliano ya huko, hatua ya kwanza huitwa *bel kol*, tumbo lililopoa. Mswahili angesema moyo umepoa. Haijawa suluhu bado. Ni ruhusa ya kuanza kutazamana. Ndugu wa aliyeuawa na ndugu wa muuaji huletwa pamoja. Nguruwe hutolewa, mkuki na mishale huvunjwa mbele ya macho ya wote, jiwe huzikwa au mmea hupandwa kuwa shahidi. Halafu hutafunwa popoo pamoja na chokaa, ileile popoo ambayo mabibi wa Lamu na Unguja huifungia kwenye tambuu, na mate yanakuwa mekundu kwa wote bila kujali nani alikuwa upande gani. Kutafuna kitu kilichotoka mkononi mwa aliyemuua ndugu yako ni kukubali kwamba hatakuwekea sumu. Hakuna mkataba wa Burnham unaoweza kuagiza hilo. Huandaliwa kwa miezi, wakati mwingine miaka, na wanaozunguka nyumba kwa nyumba kujua kama moyo wa mfiwa umepoa kweli au anasema tu, mara nyingi ni wanawake.

Mtu asije akadhani hapa inasifiwa mila kwa ajili ya mila. Mila hiyohiyo imewahi kuwageuka wanawake. Msomaji wa Uluguru au wa Umakonde anajua kwamba ukoo wa kikeni haumfanyi mama kuwa msemaji. Mjomba ndiye anayesimama barazani. Bougainville ni vivyo hivyo. Na ziko suluhu zilizofungwa kwa nguruwe na fedha kati ya wanaume wa koo mbili, huku mwanamke aliyebakwa wakati wa vita akikaa pembeni bila kuulizwa kama moyo wake umepoa. Sista Garasu na wenzake wa Kituo cha Nazareth huko Chabai wametumia miaka mingi baada ya vita kuwahudumia wanawake wanaopigwa na wanaume ambao nao waliharibiwa na vita. Kwa hiyo anayesema "tuiachie jamii" bila kusema ni nani katika jamii, naye amekosea, kama aliyesema "tuwaachie majenerali".

Visiwa vya Solomon, jirani wa karibu kabisa wa Bougainville, vinaonyesha gharama ya kosa hili. Mwishoni mwa 1998 vijana wa Guadalcanal walianza kuwafukuza walowezi kutoka Malaita, Wamalaita nao wakajibu kwa jeshi lao, na Juni 5, 2000, Waziri Mkuu Bartholomew Ulufa'alu akatekwa katika mapinduzi. Mji mkuu Honiara ulizungukwa na vizuizi. Wanawake wa mji, Alice Pollard akiwa mmoja wa viongozi wao, waliunda kundi la Wanawake kwa Amani na kwenda kwenye vizuizi hivyo kwa miguu. Waliingia kwenye mahandaki ya wapiganaji wa pande zote. Mjini hakukuwa na mboga wala viazi, vijijini hakukuwa na sabuni wala chumvi, basi wakabadilishana bidhaa mbele ya wenye bunduki. Mtu mwenye haraka ataliita jambo hilo ukarimu. Tazama tena: ni soko linalofunguliwa upya katikati ya vita, na kila mfuko wa viazi ulipovuka, habari zilivuka nao.

Oktoba 15, 2000, mkataba wa amani ulitiwa saini katika kambi ya jeshi la anga huko Townsville, Australia. Wanawake waliachwa nje. Ulikuwa mkataba wa wenye bunduki kuhusu msamaha na fidia ya wenye bunduki, na ulizaa kilichopandwa: madai ya fidia yaliyokwangua hazina, mawaziri waliotishwa ofisini, silaha zilizobaki mikononi, na Harold Keke, kiongozi wa wapiganaji wa Guadalcanal ambaye hakuutambua, akaendelea kuua kusini mwa Guadalcanal. Je, kuwapo kwa wanawake Townsville kungezuia yote hayo? Hakuna anayeweza kuapa. Linalojulikana ni kwamba watu pekee waliokuwa wakivuka mstari kila siku, na ambao hawakuwa wakidai fidia, hawakupewa kiti.

Julai 2003 ikabidi waletwe askari na polisi wa kigeni chini ya Australia. Walikusanya maelfu ya bunduki na kurudisha utulivu. Kwa hilo ni haki yao kusifiwa. Walikaa miaka 14 kwa gharama iliyopita dola bilioni 2 za Australia. Novemba 2021, miaka minne baada ya kuondoka, mtaa wa Wachina wa Honiara ulikuwa unawaka moto tena.

Kuna hoja nyingine inayopendwa na wanaojiona wakweli kuliko wengine: wanawake nao huchochea vita. Hubeba chakula kupelekea wapiganaji, huwacheka vijana wasiokwenda, hudai damu ya kaka zao. Sawa. Hoja hiyo inawabomoa wanaosifia huruma ya asili, na waache ibomoke. Hoja ya makala haya inaipa nguvu, maana anayeweza kuwasha ana mkono penye moto. Katika nyanda za juu za Papua New Guinea, eneo la Kup mkoani Simbu lilipigana kwa miaka mingi hadi shule na zahanati zikafungwa. Karibu na mwaka 2000 Mary Kini, Angela Apa na Agnes Sil, wanawake wa koo zilizokuwa zikiuana, walianza kukutana kwa siri. Walijua kinachowaponza vijana wao kwa sababu walikuwa wamekilisha. Wakaunda Wanawake wa Kup kwa Amani, wakaanza kuwahi ugomvi ukiwa bado wa nguruwe mmoja au mke mmoja, kabla haujawa wa koo. Ugomvi ukiachwa ukue, nyanda hizo zimeonyesha unapofika: Februari 2024, mkoani Enga, makumi ya watu waliuawa kwa bunduki za kivita katika asubuhi moja.

Kuzuia vita kuna bahati mbaya hii, kwamba ukifaulu hakuna cha kupiga picha. Fiji ilipopata mapinduzi yake Mei 19, 2000, na waziri mkuu kushikwa mateka siku 56, wanawake wa dini na rangi zote walikusanyika kusali katika kanisa kuu la Anglikana mjini Suva. Mmoja wao, Sharon Bhagwan Rolls, hakuishia kwenye sala. Mwaka huohuo alianzisha femLINKpacific, na 2004 shirika hilo likaanza kuzunguka na kituo cha redio kinachoingia kwenye sanduku la safari. Sanduku linafunguliwa kijijini, antena inasimamishwa, na wanawake wa huko wanasema wenyewe: maji, barabara, bei, shamba la kukodi ambalo mwenyewe anataka kulirudisha. Waandishi wa siasa hawaiti hizo habari za usalama. Lakini nchi iliyopinduliwa mara nne kwa hofu za ardhi na kabila ingepaswa kuwa ya mwisho kudharau mahali ambapo hofu hizo hutajwa mapema, kwa sauti, na wanaoishi nazo.

Dunia imetoa heshima zake. Mwaka 2001 Leitana Nehan ilipata Tuzo ya Amani ya Milenia kwa Wanawake, pamoja na marehemu Veneranda Nzambazamariya wa Rwanda, na Baraza la Usalama lilikuwa limeshapitisha Azimio 1325 Oktoba 2000, likitaka wanawake washirikishwe katika kuzuia na kumaliza vita. Nyumbani hesabu ilikuwa tofauti. Katiba ya Bougainville yenye mamlaka ya ndani ilitenga viti 3 vya wanawake bungeni, na viti 3 vya waliokuwa wapiganaji. Walioufungua mlango na waliokuwa wameufunga walipimwa kwa mizani moja, na wapiganaji hawakuwa wakihitaji kutengewa kiti ili wasikike. Ilichukua hadi 2015 kwa mwanamke, Josephine Getsi, kushinda jimbo la kawaida dhidi ya wanaume.

Sasa kuna jambo kubwa zaidi mezani. Katika kura ya maoni ya 2019 karibu asilimia 98 walichagua uhuru, na viongozi wa Bougainville wametaja Septemba 1, 2027, kuwa siku wanayoitaka. Msuluhishi wa mazungumzo na serikali ya Papua New Guinea amekuwa Jerry Mateparae wa New Zealand, aliyewahi kukiongoza kile kikosi kisicho na bunduki. Nchi mpya itahitaji fedha, na macho yote yanarudi Panguna, kwenye shimo lilelile. Sheria ya madini ya 2015 inawapa wenye ardhi wa kimila haki ya kukataa. Juni 2017, msafara wa serikali ya Bougainville ulipopanda mlima kwenda kutia saini makubaliano ya kuufungua mgodi upya, ulikuta barabara imezibwa, na mstari wa mbele walikuwa wanawake. Msafara uligeuza magari. Januari 2018 serikali ya Bougainville ikakataa kuiongezea kampuni ya mgodi leseni, na mitambo ya Panguna ikaendelea kuota majani.